Picha za Kale za Mji Mkongwe: Kutoka Sandukuni hadi Mtandaoni

Kuna picha moja ya Forodhani ambayo nimetumiwa kwa WhatsApp zaidi ya mara kumi. Kila ikija huja na maelezo yaleyale: "Zanzibar mwaka 1860." Nayo inaonyesha Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, mnara wa saa umeungana na uso wake. Jumba lile lilijengwa 1883, na mnara haukukaa pale mpaka baada ya mji kupigwa mizinga na Waingereza tarehe 27 Agosti 1896. Basi hiyo 1860 imetoka wapi? Hakuna wa kuulizwa. Picha imekatwa kingo, haina namba, haina jina la mpigaji wala la aliyeitia mtandaoni.

Nimeandika mwongozo huu kwa yeyote mwenye sanduku, albamu au kabati la picha za zamani za mji wake na anataka watu wazione bila ya kuzigeuza mayatima kama ile. Mfano wangu ni Mji Mkongwe wa Unguja kwa sababu ndio niujuao. Mtu wa Lamu, Mombasa, Bagamoyo au Ujiji atabadilisha majina ya mitaa tu. Nakwambia mapema: kuskani ni kazi ya mikono, nayo huisha. Kazi yenyewe ni maelezo, na huko ndiko nitakakokaa zaidi.

Hatua ya kwanza: jua ulichonacho, na nani amekupa

Usiwashe skana bado. Kaa na sanduku siku mbili tatu, uhesabu. Ngapi ni picha za karatasi, ngapi kadi za posta, ngapi negativu za filamu, ngapi za vioo? Kila aina ina kazi yake na muda wake. Andika kwenye daftari umezipata kwa nani, lini, na zilikaaje: picha zilizokuwa bahasha moja zibaki pamoja, kwa mpangilio uliozikuta. Mpangilio huo ni ushahidi. Picha isiyo na neno lolote, ikiwa imebandikwa kati ya mbili za harusi ya mwaka unaojulikana, tayari imekwambia kitu. Mimi nilivunja albamu ya kwanza niliyopewa nikapanga picha "kwa mada", na sikuweza tena kuirudisha ilivyokuwa.

Kisha tazama nini tayari kiko mtandaoni. Zanzibar ilikuwa na wapigapicha wa studio tangu karne ya 19, A. C. Gomes, J. B. Coutinho na P. de Lord, wote wenye asili ya Goa, waliuza mandhari za mji kwa wasafiri, na nakala zao zimetapakaa dunia nzima. Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, kina mkusanyiko wa Winterton: picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki, za kati ya 1860 na 1960, nao umewekwa wazi mtandaoni. Chuo Kikuu cha Southern California kimekusanya picha za wamisionari. Maktaba ya chuo kikuu cha Frankfurt inazo picha za jumuiya ya kikoloni ya Kijerumani, muhimu hasa kwa Dar es Salaam na Tanga. Na nyumbani, Nyaraka za Taifa ziko Kilimani. Ukikuta picha yako ipo kwao, usikate tamaa. Nakala yako huenda ina maandishi nyuma ambayo yao haina.

Utakachogundua upesi ni kwamba wageni walipiga bandari, majumba na masoko. Studio za mji ndizo zilizowapiga wenyeji. Capital Art Studio, iliyofunguliwa 1930 na Ranchhod Oza, iliingiza watu wa mji vizazi kwa vizazi mbele ya kamera: harusi, Idi, vijana na suti za kuazima. Kwa hiyo ukiwa na picha za nyumbani, unacho kile ambacho maktaba za Ulaya hazina. Anza nacho.

Chagua 200. Si 5,000. Picha 200 zenye maelezo kamili zitakufundisha kila kosa unaloweza kulifanya, na zitatosha kuwaonyesha watu unachotaka.

Hatua ya pili: ruhusa

Mwenye karatasi si lazima awe mwenye haki. Bibi anaweza kumiliki picha ya harusi yake, lakini hakimiliki ikawa ya mpigaji au warithi wake. Sheria nazo si moja: Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki ya 2003, Tanzania Bara ina ya 1999, na Kenya, chini ya sheria yake ya 2001, hulinda picha kwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka ilipopigwa, ilipotolewa hadharani au ilipochapishwa mara ya kwanza, kutegemea lipi lilikuja mwisho. Picha za mandhari za karne ya 19 mara nyingi hazina tatizo. Za miaka ya 1950 kuja huku, tafuta studio au warithi, na andika ulivyotafuta hata usipowapata.

Kwa familia tumia karatasi ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili cha kawaida, yenye mambo manne: naazima picha hizi na nitazirudisha tarehe fulani, nitaziweka mtandaoni kwa wote kuziona, watu wataruhusiwa au hawataruhusiwa kuzitumia tena, kwa masharti haya, na ukitaka moja iondolewe, piga namba hii, itaondolewa bila kuulizwa sababu. Sainini wote wawili, kila mmoja abaki na nakala. Hilo la mwisho ndilo linalofungua makabati. Mtu akijua anaweza kubadili mawazo, hutoa zaidi.

Usichukue picha usiku wa kwanza. Nenda, amkia, kunywa chai, tazama, rudi siku nyingine. Picha ni amana.

Hatua ya tatu: kushika na kusafisha

Adui wetu ni unyevu na chumvi. Picha zilizoota ukungu zitenge na nyingine mara moja, zikaushe polepole kwenye chumba chenye hewa, kivulini, kisha upanguse kwa brashi laini mlangoni, si ndani. Usitie maji, usitie dawa ya vioo, usifute kwa kitambaa kibichi: uso wa picha ni utando wa jelatini au ute wa yai, na maji huuvua. Picha zilizogandamana usizibandue kwa nguvu. Skani kilichopo.

Vioo hushikwa kwa mikono miwili, kwenye kingo, juu ya meza iliyotandikwa taulo. Vaa glavu nyembamba za mpira kama za zahanati. Za pamba huteleza. Negativu za filamu zinusie. Harufu ya siki maana yake filamu inaoza, nayo itaanza kujikunja, basi hiyo ipande juu ya foleni. Na kama ni ya kabla ya miaka ya 1950, tazama ukingoni kama imeandikwa NITRATE. Filamu hizo hushika moto kwa urahisi wa kutisha. Ziweke mbali na jua, jiko na taa kali, usizirundike kwenye kopo lililofungwa kabisa, na uwaarifu watu wa nyaraka.

Andika namba nyuma ya picha kwa penseli laini, pembeni, bila kukandamiza. Kalamu ya wino hupenya hadi upande wa pili.

Hatua ya nne: kuskani

Skana ya mezani inatosha kwa picha za karatasi. Epuka zile nyembamba sana za bei rahisi. Hazioni mbali na kioo chake, na picha ya zamani iliyojikunja itatoka na ukungu pembeni. Kwa negativu unahitaji skana yenye taa kwenye mfuniko. Kabla ya kununua, pima negativu ya kioo iliyo kubwa kuliko zote ulizonazo, kwa sababu skana nyingi za daraja la kati hupokea filamu nyembamba tu.

Vipimo nivitumiavyo: picha za karatasi na kadi za posta, nukta 600 kwa inchi, rangi kamili hata kama picha ni nyeusi na nyeupe, maana ile rangi ya chai ya karatasi inasaidia kujua umri. Vioo vya sentimita 9 kwa 12, nukta 1200. Filamu ndogo ya milimita 35, nukta 3200; ukiiskani kwa 600 utapata kijipicha kisichofika pikseli elfu moja kwa upana. Hifadhi kwa TIFF, aina ya faili isiyopunguza ubora wa picha. Zima kila kitu ambacho skana inajivunia: kunoa, kuongeza rangi, kuondoa vumbi. Kuondoa vumbi kwa taa isiyoonekana kwa macho (infraredi) hakufanyi kazi kwenye filamu ya fedha nyeusi na nyeupe, na huharibu picha kwa kudhani chembe za fedha ni takataka.

Acha ukingo kidogo kuzunguka picha yote, usikate kitu. Skani mbele, kisha nyuma, hata kama nyuma hakuna kitu ila muhuri uliofifia. Jijini New York, picha za mitaa za maktaba ya umma ziliandikwa mahali na tarehe nyuma kwa taipu. Mwaka 2015 mtaalamu wa kompyuta, Dan Vanderkam, alitumia maelezo ya aina hiyo kuyatia makumi ya maelfu ya picha kwenye ramani ya jiji, kona kwa kona. Ramani ile iliwezekana kwa sababu ya karani aliyeandika mahali, na mtu aliyejali kuhifadhi alichoandika.

Vioo na filamu zina mtego wake: ukiiweka upande usio wake, mji mzima hugeuka kama kwenye kioo cha kujitazamia. Upande wa picha haung'ai, upande mtupu unang'aa. Ukikosa uhakika, tafuta maandishi ya Kiarabu juu ya mlango au ubao wa duka. Yasiposomeka, umegeuza. Nimewahi kuona Ngome Kongwe ikiwa kushoto kwa Beit al-Ajaib ukitazama kutoka baharini, na mamia ya watu wakaisifu.

Kama mwenye albamu hataki itoke nyumbani, ana haki. Nenda na kamera, au hata simu nzuri. Kaa upande wa kivuli wa baraza au karibu na dirisha lisilopigwa na jua, kamera iwe juu kabisa ya picha, sambamba nayo, juu ya stendi ya miguu mitatu, na utumie kipima muda cha sekunde mbili ili kidole kisitikise. Zima flashi. Weka rula pembeni kwenye picha ya kwanza ya kila ukurasa.

Hesabu nafasi kabla. Kadi ya posta kwa nukta 600 ni kama MB 21. Picha ya sentimita 15 kwa 20 ni kama MB 50. Picha 2,000 za ukubwa huo, mbele na nyuma, zinafika GB 200. Si kubwa. Mtu mmoja akijizoesha anaweza kuskani hamsini hadi mia kwa siku, na siku ya pili mgongo utamwambia apunguze.

Hatua ya tano: majina ya mafaili na nakala tatu

Jina la faili lisijaribu kusimulia hadithi. "Forodhani_zamani_nzuri_mpya2.tif" ni maafa. Tumia namba: mjm_0147_a.tif mbele, mjm_0147_b.tif nyuma. Namba ileile iko kwenye penseli, kwenye daftari, kwenye jedwali na baadaye kwenye anwani ya mtandaoni. Haibadiliki kamwe, hata picha ikiondolewa.

Nakala ziwe tatu, kwenye vyombo viwili tofauti, na moja nje ya kisiwa. Mwaka 2008 Unguja ilikaa takriban mwezi mzima bila umeme baada ya hitilafu ya njia inayotuletea umeme kutoka Bara, na mwisho wa 2009 tukarudia kwa miezi mitatu. Umeme ukirudi kwa kishindo huua diski. Basi diski moja iwe kwako, imechomolewa ukutani. Moja kwa mtu Dar es Salaam au Pemba, au kwa binamu aliyeko Muscat, watu wetu hawakosi ndugu huko. Ya tatu kwenye hifadhi ya mtandaoni. Tengeneza namba za uhakiki za mafaili, aina ya SHA-256, kwa programu ya bure, na uzihakiki kila mwaka. Namba ikibadilika, faili limeharibika, na utalirudisha kutoka nakala nyingine kabla kuoza hakujaenea.

Mafaili ya TIFF hayaguswi tena. Kila unachokipaka, kukikata au kukikoza, fanya kwenye nakala ya JPEG.

Hatua ya sita: maelezo

Hapa ndipo picha hupona au kufa. Fungua jedwali kwenye kompyuta, mstari mmoja kwa kila picha. Safu ninazozihitaji ni hizi: namba, kichwa kwa Kiswahili, maandishi ya asili kama yalivyo, makosa yake yote, mtaa, kamera iliposimama na ilipoelekea, tarehe ya mapema kabisa inayowezekana, tarehe ya mwisho inayowezekana, ushahidi wa tarehe, mpigaji, mwenye karatasi, hali ya haki, waliotambuliwa, aliyetambua na lini. Ukitaka kulinganisha na mikusanyiko ya nje, safu hizi zinaingia vizuri kwenye vipengele 15 vya Dublin Core, kiwango cha kimataifa cha kuelezea vitu vya makusanyo, lakini usianzie huko. Anzia kwenye unachokijua.

Tarehe ndizo zinazodanganya zaidi, kwa hiyo andika muda, si mwaka mmoja. Muda huo mji wenyewe utakupa, ukiujua. Chukua pwani ya Forodhani. Kama mbele ya Beit al-Ajaib, karibu na maji, pana mnara mrefu uliosimama peke yake, ule ni mnara wa taa wa Sultani, uliovunjwa na mizinga, basi picha ni ya kabla ya 27 Agosti 1896. Kama majumba yamebomoka na jumba la Beit al-Hukm ni magofu, ni siku au wiki baada ya hapo. Kama bandarini inatokeza milingoti ya meli iliyozama, ile ni Glasgow, meli ya Sultani iliyozamishwa siku ileile; ilikaa hivyo mpaka 1912 ilipovunjwa kuuzwa vyuma. Kama uwanja wa mbele umekuwa bustani, ni 1936 au baadaye, kwani bustani ilitengenezwa kwa jubilei ya Sultani Khalifa bin Haroub. Vitu vinne tu, na tayari picha isiyo na neno imewekewa mpaka.

Endelea hivyo kwa mitaa mingine. Kanisa la Mkunazini lilijengwa miaka ya 1870 palipokuwa soko la watumwa. Soko la Darajani ni la 1904. Beit al-Amani, jumba la makumbusho, ni ya 1925. Maji ya khori kati ya Mji Mkongwe na Ng'ambo yalifukiwa kidogo kidogo katika karne ya 20, na upana wa maji kwenye picha ni saa ya namna yake. Bendera nyekundu ya Sultani juu ya jengo la serikali haiwezi kuvuka Mapinduzi ya 12 Januari 1964. Tengeneza orodha yako ya alama za mji na uibandike ukutani. Baada ya mwezi utakuwa unatia tarehe picha kama fundi saa.

Karatasi nayo husema. Picha nyembamba ya rangi ya dhahabu iliyobandikwa kwenye kadi nene huwa ya ute wa yai, ya karne ya 19. Kadi ya posta ambayo nyuma haina mstari wa kutenganisha anwani na ujumbe kwa kawaida ni ya mwanzo kabisa wa karne ya 20 au kabla. Muhuri wa posta hukupa tarehe ya kutumwa tu. Kadi zilikaa madukani miaka mingi. Na rangi za kadi usiziamini: nyingi zilitiwa rangi viwandani Ulaya na mtu ambaye hakuwahi kuona Shangani. Usiandike kwamba nyumba ilikuwa ya waridi kwa sababu kadi imesema hivyo.

Baada ya hapo, wazee. Chapisha picha kwa ukubwa wa karatasi ya A4, au tumia kompyuta kibao, na keti barazani na watu wawili watatu, si mmoja. Mmoja atasema, wa pili atasahihisha, na ukweli huwa katikati ya mabishano yao. Usiulize "Hapa si Malindi?" kwa sababu watakubali kwa adabu. Uliza "Hapa wapi?" na unyamaze. Rekodi sauti, ukiwa umeomba. Mzee mmoja niliyemwonyesha picha ya jumba hakulitazama jumba hata kidogo. Alitazama kivuli akasema ni asubuhi, kwani jua liko upande wa Ng'ambo, mashariki. Bi mmoja hakumjua mwanamke aliye pichani, ila aliisoma kanga yake. Ilikuwa na maandishi ya Kiarabu, naye akakumbuka mamake akisema za hivyo zilitangulia za herufi za Kirumi. Hilo nalo liko kwenye safu ya ushahidi, pamoja na jina lake kama alivyotaka liandikwe.

Wakipingana, andika yote mawili. "Fulani anasema Kiponda, mwenziwe anasema Hurumzi." Wasomaji wataendelea na mabishano hayo kwa miaka, na siku moja atakuja mjukuu wa mwenye duka.

Majina ya mahali yaandike kwa tahajia zote ambazo watu watatafutia: Beit al-Ajaib, Beit el-Ajaib, Jumba la Maajabu, Nyumba ya Maajabu. Mji Mkongwe, Unguja mjini, Zanzibar. Mtafutaji hajui tahajia yako. Weka pia nukta ya ramani yenye tarakimu nne baada ya nukta, inatosha kukufikisha karibu mita 11. Usitegemee simu ikusomee mahali ukiwa ndani ya vichochoro. Kuta ndefu huirusha nyumba mbili tatu. Bonyeza mwenyewe kwenye ramani.

Maandishi ya kikoloni yenye matusi, na yapo mengi, yaache kwenye safu ya maandishi ya asili kwa sababu ni sehemu ya historia ya picha, lakini kichwa kinachoonekana kwanza kiwe chako.

Hatua ya saba: zisizowekwa

Si kila ulichoskani kiende hadharani. Wanawake wa mji walipigwa picha studio au nyumbani wakiwa vichwa wazi, wakijua zitaonwa na waume na dada zao. Makubaliano hayo hayafi kwa kuwa picha ina miaka sitini. Uliza familia, zikikataa, hifadhi bila kuonyesha, au onyesha maelezo bila ya picha. Watumwa na wafungwa waliopigwa na wageni hawakuombwa ruhusa na mtu. Ukiamua kuonyesha, usiziweke kwenye ukurasa wa mbele kuvutia wageni. Picha za 1964 zina watoto na wajukuu wa pande zote wanaoishi nyumba kwa nyumba. Hizo mimi huzipeleka kwa watu wawili wenye busara, wa familia tofauti, kabla sijafanya uamuzi. Na picha zenye watu walio hai wanaotambulika zinagusa pia sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022.

Hatua ya nane: kuziweka mtandaoni

Kuna njia tatu. Ya kwanza na rahisi ni Wikimedia Commons, hazina ya picha ya wenye Wikipedia: bure, haifungwi kesho, na picha hutafutika duniani kote. Sharti lake ni leseni huria kweli. Picha ambayo familia imekataza matumizi ya biashara haipokelewi. Ya pili ni tovuti yako kwa Omeka, programu ya bure iliyotengenezwa kwa ajili ya makusanyo kama haya, ambayo hupokea jedwali lako moja kwa moja. Ya tatu ni kukabidhi yote kwa taasisi yenye seva na watu. Ushauri wangu ni kuchanganya: za haki huria Commons, nyingine kwenye tovuti, na mafaili makubwa yapate nakala kwenye taasisi.

Kumbuka msomaji wako ana simu na bando. Picha ndogo ya orodha iwe pikseli 300, isizidi KB 30. Picha ya kufungua iwe pikseli 1600 upande mrefu, kama KB 400. Kubwa zaidi iwe kitufe cha kupakua, imeandikwa ukubwa wake ili mtu aamue. Kama seva inaruhusu, washa kukuza kwa vipande kwa mfumo wa IIIF. Mtu ataingia mpaka kwenye nakshi ya mlango bila kupakua faili zima.

Kila picha iwe na ukurasa wake na anwani yake yenye namba. Ukurasa huo ukitumwa WhatsApp utokee na kichwa, mtaa na muda wa tarehe. Ingiza maelezo ndani ya JPEG yenyewe pia, kwa programu ya ExifTool, ingawa WhatsApp huyafuta. Kwa hiyo chini ya picha ongeza ukanda mwembamba mweupe wenye namba, mtaa, muda na anwani. Usichapishe jina la tovuti katikati ya anga la Shangani. Picha itakuwa mbovu na wezi watalikata tu.

Tengeneza njia mbili za kuingilia: ramani, na orodha ya mitaa. Watu wa mji huanza na mtaa wao. Sehemu ya kutafuta kwa mwaka huja baadaye, haitumiki sana kama unavyodhani.

Hatua ya tisa: baada ya siku ya kwanza

Weka chini ya kila picha swali moja tu: "Unajua kitu kuhusu picha hii?" na nafasi ya kuandika au kutuma sauti. Majibu yasiingie moja kwa moja kwenye maelezo. Yasome kila wiki, yaulize ushahidi, kisha yaandike kwenye jedwali pamoja na jina la aliyesema na tarehe. Maelezo ya zamani yasifutwe, yasogezwe chini.

Picha pia zirudi mtaani. Zichapishe ishirini kubwa, zitundike skuli au ukumbini, na uache penseli na karatasi chini ya kila moja. Wale ambao hawatafungua tovuti yako maishani ndio waliocheza kwenye hivyo vichochoro.

Halafu kuna gharama ndogo zinazoua kazi kubwa. Jina la tovuti hulipiwa kila mwaka, na likipita wiki chache linaweza kuchukuliwa na mtu anayeuza viatu. Lilipie miaka mitano kwa mpigo kama unaweza, kwa jina la kikundi si la mtu mmoja, na barua pepe ya kikundi. Maneno ya siri yaandike kwenye karatasi, uifunge bahasha, umpe mtu mwingine, pamoja na nakala ya jedwali na orodha ya diski ziko kwa nani. Kila mwezi wa kwanza wa mwaka chomeka diski zote mbili, fungua na hifadhi ya mtandaoni, hakiki namba, na ufungue picha kumi ovyo ovyo uone kama zinafunguka. Diski iliyofika miaka mitano ibadilishe hata kama bado inazunguka.

Na ile picha ya "1860" ikikujia tena, mtumie aliyeileta anwani ya picha yako ya jumba lilelile, yenye namba, muda na ushahidi wake.